Tovuti ifungweje wakati wa matengenezo? Njia nne zikilinganishwa

Saa 1 asubuhi simu yangu iliita. Alikuwa mama mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo, ambaye tovuti yake niliifunga usiku ule ili kuifanyia matengenezo. "Mwanangu, kuna dada wa Mbezi anasema kalipa tangu usiku, mbona mimi simwoni kwenye oda?"

Tulipokagua, fedha kweli zilikuwa zimeingia. Yule dada alikuwa amefika hatua ya mwisho ya kununua, simu yake ikamwomba namba ya siri, akaweka. Dakika ileile mimi nikafunga tovuti. Mfumo wa malipo ulipokuja kutoa taarifa kwamba mteja amelipa, ulikuta mlango umefungwa, ukaondoka. Fedha ziko kwenye akaunti, mteja ana ujumbe wa kuthibitisha, tovuti haijui lolote.

Tangu siku hiyo sianzi tena kwa kuuliza ukurasa wa tangazo utakuwa na sura gani. Naanza kwa kuuliza ni nini kinachoingia kwenye tovuti hii hata wakati hakuna anayeiangalia. Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha njia nne ninazozilinganisha hapa: kufunga kwa kitufe cha ndani ya mfumo, kufunga kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), kufunga kaunta, yaani sehemu ya kununua, peke yake, na kutofunga kabisa.

Vigezo nilivyotumia

Vinavyoingia. Malipo ya simu, fomu za maombi, usajili, maoni, ujumbe wa wateja. Tovuti ya kusoma tu haina shida hapa. Tovuti inayopokea fedha ina shida kubwa.

Muda. Dakika kumi, usiku mmoja na siku mbili ni mambo matatu tofauti kabisa.

Mgeni na Google. Tovuti ikijibu ombi lolote hutanguliza namba ya tarakimu tatu ambayo mgeni haioni lakini mashine zinaisoma. 200 maana yake mambo ni sawa, 404 ukurasa haupo, na 503 huduma haipatikani kwa sasa, rudi baadaye. Ukifunga kwa muda, namba sahihi ni 503. Inaweza kuambatana na maelezo yaitwayo Retry-After, yanayotaja baada ya sekunde ngapi mtu arudi. Kwa muda wa saa mbili unaandika 7200. Mwaka 2020 Google ilitoa mwongozo kwa biashara zilizolazimika kusimama. Ilishauri kupunguza huduma badala ya kufunga tovuti nzima, na kama ni lazima kufunga yote, iwe kwa siku moja au mbili na kwa 503. Ukiiacha 503 kwa muda mrefu, kurasa zako zitaanza kuondolewa kwenye matokeo ya utafutaji.

Kazi na gharama. Hapa ninahesabu ujuzi pia, maana njia isiyo na bei lakini inayokudai fundi wa seva ina bei yake.

Kurudi nyuma. Mambo yakiharibika saa tisa usiku, unafunguaje? Na je, ukikatikiwa umeme au intaneti katikati ya kazi? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikadorora nchini. Seva za tovuti zetu nyingi ziko nje ya nchi, kwa hiyo siku kama hiyo unaweza kuwa umeshafunga tovuti kisha ukashindwa kuifikia. Kazi ndefu iendeshwe ndani ya seva yenyewe kwa kutumia programu kama tmux au screen, ili laptopu ikizimika kazi isikatike.

Njia ya kwanza: kitufe cha ndani ya mfumo

Hapa mfumo wenyewe wa tovuti ndio unaotoa tangazo. WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, hufanya hivi kila inapojisasisha: inaandika faili liitwalo .maintenance kwenye folda kuu, na faili hilo likiwepo kila mgeni hupata ujumbe mfupi pamoja na 503. Zikipita dakika 10, WordPress inalipuuza faili hilo na kufungua. Kwa kazi ndefu zaidi kuna plagini (programu ndogo za kuongezea kwenye mfumo) za matengenezo. Waliojenga kwa Laravel, mfumo mwingine wa kujengea tovuti, wana amri ya php artisan down.

Vinavyoingia: kwa kawaida vyote vinazuiwa, pamoja na taarifa za malipo. Baadhi ya plagini zina orodha ya anwani zinazoruhusiwa kupita, lakini lazima uijaze wewe. Hapo ndipo nilipokosea na tovuti ya yule mama.

Muda: kuanzia dakika chache hadi saa moja au mbili.

Mgeni na Google: unaweza kupamba ukurasa upendavyo na kuandika Kiswahili. Lakini kuwa makini, kwani baadhi ya plagini, hasa zikiwa kwenye mpangilio wa "tunakuja hivi karibuni", hutoa 200 badala ya 503. Google ikipita wakati huo itaelewa kwamba maneno yako ya "tunarudi punde" ndiyo maudhui halisi ya kila ukurasa. Hakiki kwa kuandika kwenye dirisha la amri la kompyuta curl -I ikifuatiwa na anwani ya tovuti, kisha soma namba iliyo kwenye mstari wa kwanza. Plagini ya kashe (inayotunza nakala za kurasa ili zifunguke haraka) nayo isafishwe kabla ya kufunga na baada ya kufungua, la sivyo kuna atakayeona duka liko wazi na mwingine atakayeona tangazo hadi kesho yake.

Kazi na gharama: dakika tano, na mara nyingi ni bure.

Kurudi nyuma: huu ndio udhaifu wake mkubwa. Mlinzi wako anaishi ndani ya nyumba unayoibomoa. Plagini inahitaji PHP (lugha ambayo mfumo umeandikwa nayo) na hifadhidata (ghala la taarifa za tovuti) vifanye kazi ndipo itoe tangazo. Ukibadilisha toleo la PHP au ukihamisha hifadhidata, tangazo linaanguka pamoja na tovuti, na mgeni anakutana na maandishi ya makosa. Ikikwama, ingia kwenye paneli ya hostingi (kampuni inayokuhifadhia tovuti), futa faili la .maintenance au badilisha jina la folda ya plagini husika.

Inamfaa mwenye blogu, kanisa, msikiti, chama cha ushirika au ofisi ndogo ambayo tovuti yake ni ya kusomwa, na anayesasisha mandhari (sura ya tovuti) au plagini zake mwenyewe.

Njia ya pili: kufunga kwenye seva

Programu ya seva inayopokea wageni, iwe nginx au Apache, inakaa mbele ya mfumo wa tovuti. Unaweza kuiagiza imjibu kila mtu kwa 503 na ukurasa mmoja mwepesi wa HTML, bila kugusa WordPress wala hifadhidata. Mpangilio ninaoupenda ni wa swichi ya faili: faili lenye jina fulani likiwepo, tovuti imefungwa; likifutwa, imefunguka. Kwa Apache, watu wengi wa hostingi ya pamoja huandika kanuni hiyo ndani ya .htaccess, faili la mipangilio ya Apache.

Vinavyoingia: unatawala kila kitu, mradi ufikirie mapema. Unaweza kuzuia tovuti nzima na kuacha upenyo mmoja tu, ile anwani ambayo mfumo wa malipo huitumia kuleta taarifa. Lakini kama hifadhidata nayo imesimama, upenyo peke yake hautoshi. Dawa niliyoitumia baadaye ni programu ndogo inayopokea taarifa za malipo na kuziandika kwenye faili la kawaida, kisha tovuti ikifunguka inazisoma na kukamilisha oda. Kabla ya hapo, muulize anayekuhudumia malipo: taarifa ikishindwa kufika, mnarudia mara ngapi, na kwa muda gani? Kuna mifumo inayorudia na kuna inayojaribu mara moja tu. Jibu ulipate kwa maandishi.

Na hata ukiwa na upenyo, acha kupokea oda mpya robo saa kabla ya kufunga, ili aliyeko katikati ya kuweka namba ya siri amalize salama.

Muda: dakika moja hadi siku mbili.

Mgeni na Google: 503 halisi, Retry-After unaiandika mwenyewe, na ukurasa unafunguka haraka hata kwa mtu mwenye bando la kuungaunga. Usipachike picha nzito humo. Weka jina la biashara, saa ya kurudi, na namba ya simu.

Kazi na gharama: inahitaji mtu anayeijua seva. Herufi moja ikikosewa ndani ya .htaccess, tovuti nzima hutoa kosa la 500, yaani hitilafu ya seva. Andaa na ujaribu mchana wa kazi, si usiku wenyewe.

Kuna jambo linalowasumbua mafundi wengi hapa Dar. Maelekezo ya mtandaoni husema ruhusu anwani yako ya IP (namba inayotambulisha intaneti yako) ili wewe peke yako uione tovuti wakati imefungwa. Wengi wetu tunafanya kazi kwa intaneti ya simu. Anwani hiyo inabadilika ukihama kutoka Sinza kwenda Posta, au hata modemu ikijizima na kujiwasha, na mara nyingi watu wengi wanaitumia kwa pamoja. Kwa hiyo unaweza kufungiwa wewe na akaingia usiyemjua. Tumia kidakuzi (cookie, alama ndogo inayotunzwa kwenye kivinjari chako) cha siri badala yake. Laravel ina chaguo la --secret kwa kazi hiyohiyo, na kwenye nginx unaweza kuandika sharti linalosoma kidakuzi.

Kurudi nyuma: nzuri. Hata mfumo ukivunjika vipande, tangazo linabaki limesimama, na unapata nafasi ya kurudisha bakapu (nakala ya akiba) bila watu kuona vurugu.

Inamfaa anayebadilisha PHP, anayehamisha hifadhidata, au anayesafisha tovuti iliyodukuliwa. Kwa tovuti iliyodukuliwa sioni njia nyingine katika hizi nne, kwa sababu zile tatu zinaacha programu isiyoaminika ikiendelea kuwajibu wageni.

Njia ya tatu: kufunga kaunta, kuacha rafu wazi

Wateja wanaingia, wanaangalia bidhaa, bei na picha, ila kitufe cha kununua kimezimwa na juu kuna utepe unaosema malipo yatarejea saa ngapi. Kwa gazeti au jukwaa, habari zinasomeka, lakini kuingia kwenye akaunti na kuandika maoni kumesimamishwa.

Vinavyoingia: hakuna oda mpya kwenye tovuti, kwa hiyo hakuna malipo yanayopotea njiani. Na hapa soko letu lina faida. Mteja wa Dar kashazoea kuagiza kwa WhatsApp na kulipa kwa Lipa Namba, hivyo utepe ukiwa na namba ya WhatsApp biashara haisimami. Ila mtu aziandike oda hizo kwenye daftari na kupunguza stoku baadaye, la sivyo pea moja ya viatu itauzwa mara mbili.

Muda: inavumilia kuliko zote za kufunga, hata wiki nzima.

Mgeni na Google: kurasa zinaendelea kutoa 200 na maudhui yake halisi. Hii inaafikiana na ule mwongozo wa kupunguza huduma badala ya kufunga.

Kazi na gharama: kwa WooCommerce, plagini ya duka ya WordPress, kuna plagini zinazoligeuza duka kuwa katalogi. Kwa mfumo uliojengewa maalumu, mwandishi wa programu lazima awe ameuweka uwezo huo mapema. Usiamini kuficha kitufe tu. Anayefungua anwani ya malipo moja kwa moja bado anaweza kulipa. Jaribu mwenyewe kabla ya kutangaza.

Kurudi nyuma: rahisi kwa kazi za malipo na stoku. Haifai kama unachogusa ni mfumo mzima, maana rafu ulizoziacha wazi zimeegemea ukuta uleule.

Inamfaa mwenye duka anayebadilisha mfumo wa malipo, anayehesabu stoku ya mwisho wa mwaka, au anayepandisha bei za bidhaa elfu moja kwa mkupuo.

Njia ya nne: kutofunga, kujenga pembeni

Unatengeneza nakala ya tovuti kwenye anwani nyingine, unafanya kazi yote humo, ukiridhika unabadilishana. Kwenye seva iliyopangwa vizuri, kubadilishana ni kuelekeza kiungo cha folda kutoka toleo la zamani kwenda jipya, jambo la sekunde.

Vinavyoingia: vinaendelea kuingia, na hapo ndipo penye mtego. Ukichukua nakala Jumatatu, ukafanya kazi siku tatu, halafu ukaiweka nakala nzima pamoja na hifadhidata yake, umefuta oda zote za siku tatu. Kinachohamishwa kiwe programu, mandhari na mipangilio. Hifadhidata hai ibaki palepale. Kama muundo wa hifadhidata nao unabadilika, utahitaji kufunga kaunta kwa dakika chache wakati wa kubadilishana.

Mtego wa pili ni kwamba nakala haijui kuwa ni nakala. Itatuma SMS kwa wateja halisi na kuwakumbusha madeni ambayo wameshalipa. Zima SMS, barua pepe na malipo kabla hujagusa kitu kingine.

Muda: usumbufu kwa mgeni ni sekunde hadi dakika, ingawa maandalizi yanaweza kuchukua wiki.

Mgeni na Google: hawaoni mabadiliko hadi yakamilike. Nakala ifungwe kwa nywila ili Google isiiorodheshe. Nywila hiyo inamlinda mteja pia, kwani nakala ina majina na namba za simu zilezile, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitofautishi kati ya tovuti kuu na nakala ya fundi.

Kazi na gharama: nafasi ya pili kwenye seva, na nidhamu. Hostingi nyingi za WordPress zina kitufe cha kutengeneza nakala. Soma kinarudisha nini kabla ya kukibonyeza.

Kurudi nyuma: bora kuliko zote. Toleo la zamani lipo, unalirudisha.

Inamfaa anayebadilisha tovuti mara kwa mara, gazeti, hospitali, na yeyote ambaye dakika ishirini za kufungwa ni hasara.

Za kuepuka

Kuielekeza domeni (jina la tovuti) kwingine: anwani hukaa kwenye kumbukumbu za mitandao kwa muda uliowekwa, mara nyingine sekunde 86400, yaani siku nzima, hivyo saa ya kufunguka haiko tena mikononi mwako. Kuzuia kwa robots.txt, faili linaloziambia mashine za utafutaji zisome nini: kunamzuia Google asisome, mgeni anaendelea kukutana na vumbi. Kufuta kurasa zitoe 404: unatangaza kwamba hazipo.

Saa ya kufunga

Njia yoyote utakayochagua, saa yake iandikwe vizuri. Saa 8 usiku kwetu, seva nyingi zinahesabu 23:00 ya siku iliyotangulia, kwa kuwa ziko saa tatu nyuma yetu. Ukiiwekea kazi ijianzishe yenyewe saa "02:00" bila kuangalia ukanda wa saa, itaanza saa 11 alfajiri, watu wakiwa wanaamka. Kwenye tangazo andika "usiku wa kuamkia Jumatano, saa 8:00 hadi saa 10:00", maana "usiku wa Jumanne" kila mtu ana tafsiri yake. Mwezi wa Ramadhani usidhani watu wamelala saa tisa usiku. Wako kwenye daku na simu mkononi. Na kama una wateja Marekani, saa 8 yetu ya usiku ni jioni ya New York, wametoka kazini ndio wanaanza kununua.

Kwa hali yako

Una tovuti ya kusoma tu na unasasisha plagini: kitufe cha ndani kinatosha, baada ya bakapu na baada ya kuhakiki 503.

Unauza mtandaoni na unabadilisha mfumo wa malipo: funga kaunta, acha rafu, weka WhatsApp.

Unauza mtandaoni na unahamisha seva au hifadhidata: funga kwenye seva usiku mmoja, acha upenyo wa malipo, simamisha oda robo saa kabla. Asubuhi, kabla ya kumwambia mwenye duka kwamba tayari, linganisha orodha ya fedha zilizoingia na orodha ya oda, mstari kwa mstari.

Una chuo au shule na dirisha la maombi liko wazi: usifunge. Jenga pembeni, au subiri dirisha lifungwe. Anayejaza fomu kwa simu ya kuazima pale stendi ya Mbezi huenda asipate simu hiyo kesho.

Huna fundi wa seva na tovuti imedukuliwa: piga simu kwa kampuni ya hostingi uombe waisimamishe kwa 503, badilisha nywila zote ukitumia kifaa kingine, na bakapu ya zamani usiirudishe hadi ujue waliingilia wapi.